Kaseti ya Hawa na Watu wa Kompyuta za Zamani

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa ndevu zangu zimeshaanza kuota mvi. Nilikuwa nimetoka mjini Mbulu kwa miguu kurudi nyumbani Endagikot, manyunyu yakinipiga mgongoni, nikamkuta mama yangu jikoni anaimba. Alikuwa na furaha kwa sababu alikuwa ameisaidia kwaya yake ya kigango. Walikosa kaseti ya kurekodia nyimbo zao kabla ya mashindano ya parokia, naye akawapa moja aliyoiona mezani kwangu. Kaseti hiyo ilikuwa ya Hawa, mwanafunzi mwenzangu, na ndani yake kulikuwa na mchezo wa kompyuta alioutunga mwenyewe. Mchezo huo haukuwepo mahali pengine popote duniani.

Kabla sijaendelea, acha nikueleze anayekushauri ni nani, ili usidhani ni mtu wa kubahatisha. Mimi ni mtoto wa mkulima wa ngano na maharage. Sikurithi duka wala lori. Nilisoma mpaka nikapata diploma ya elektroniki, na cheti chake kipo ukutani, mgeni akikaa kwenye kochi anakitazama apende asipende. Nimefanya kazi Arusha, nimefanya kazi Dar es Salaam, kisha nikarudi kwa hiari yangu, wala si kwa kufukuzwa, nikajenga nyumba ambayo ukipita njia yetu huwezi kuikosa. Ndani yake nina chumba kizima cha kompyuta za zamani, na zote zinawaka. Watu wanatoka Babati kuja kuziona. Nakwambia haya ili ujue kwamba mtu wa hapa hapa, aliyekunywa maji ya hapa hapa, anaweza.

Sasa turudi kwenye kaseti. Hawa na mimi tulikuwa chuo kimoja Arusha. Mimi natoka Mbulu, yeye ni binti wa mfanyabiashara wa Katesh, Mzee Shabani, mwenye duka la jumla. Chuoni kulikuwa na stoo iliyojaa kompyuta zilizoletwa kama msaada miaka mingi kabla yetu. Zilikuwa ndogo, kompyuta na kibodi ni kitu kimoja, unaichomeka kwenye televisheni ya kawaida. Ukiizima inasahau kila kitu. Kwa hiyo kazi yako unaitunza kwenye kaseti ileile ya muziki, kwa redio kaseti, na ukiisikiliza kwa masikio utasikia mlio mkali tu usio na maana. Wenzetu walizicheka. Sisi wawili tuliomba moja, mkuu wa chuo akatupa, na tukaifanya iwake. Nasema tukaifanya, lakini kuchomea nyaya kwa risasi nilichomea mimi, Hawa mwenyewe atakwambia hivyo.

Yeye alikuwa mtu wa kutunga. Alikaa na kile kikompyuta akakitungia mchezo wa kupeleka ng'ombe kutoka Gendabi hadi kwenye chumvi ya Ziwa Balangida. Unawaongoza ng'ombe wako, ambao ni vidoti vyenye pembe, unapita korongo, unapita mashamba ya watu bila kuyakanyaga, na fisi wanakuvizia njia nzima. Hawa hajawahi kuchunga hata mbuzi. Lakini tangu utoto wake alikuwa akiwasikiliza wafugaji waliokuja dukani kwa baba yake kununua sukari na majani ya chai, na alikuwa amesikia kila kitu. Mchezo ule ulikuwa mzuri, mwanangu. Nimecheza michezo mingi tangu siku hizo, nami sitanii.

Basi likizo ilipofika, kabla ya mwaka wetu wa mwisho, Mzee Shabani alimwambia binti yake neno zito. Alikuwa amefungua duka la pili Dongobesh na alitaka mtu wa kuaminika wa kukaa huko. Alisema haoni binti anasoma nini. Kama kuna kitu amekitengeneza kwa akili yake mwenyewe, akilete akione kwa macho. Asipokiona, hakuna kurudi chuoni, ni Dongobesh. Hawa akanipa kompyuta na kaseti nikatengeneze vibonyezo vilivyokuwa vimelegea, kisha nimpelekee Katesh ampe baba yake jibu. Ndiyo kaseti ambayo mama aliwapa kwaya.

Nilimuuliza taratibu, maana mama hapandishiwi sauti, kama aliisikiliza kabla ya kuwapa.

"Nimeisikiliza, mwanangu," akasema. "Ni nyenje watupu. Nikasema huyu mtoto ameuziwa kaseti mbovu, bora ipate kazi ya Mungu."

Nilikimbia kwa mwalimu wa kwaya. Mungu ni mwema, betri za redio zilikuwa zimewaishia baada ya wimbo wa mwanzo tu. Nikawaletea kaseti nyingine, nikachukua ile. Lakini wimbo wa mwanzo ulikuwa umekaa palepale mchezo unapoanzia, na mwanzo wa kaseti ndio unaoiambia kompyuta kwamba kinachofuata ni kazi ya kusoma. Ukifutika, kompyuta inasikia nyenje, kama mama alivyosikia. Nilijaribu mpaka redio ikapata moto. Ikakataa.

Nikaenda kwa baba mkubwa Tluway, kaka wa marehemu baba. Huyu alikuwa mzee mwenye mali na mwenye ulimi. Ukitazama zizi la nyumbani kwake ungemdhania mtu wa kawaida, kwa sababu ng'ombe wake wengi alikuwa amewaweka kwa watu. Mmoja yuko kwa jirani, wengine kwa rafiki zake Gendabi, wengine mpaka kwa wafugaji wa Getanuwas. Anayemtunza ng'ombe anakunywa maziwa na anapata samadi, ndama ni wa mwenye mali, na ugonjwa ukiingia zizi moja haummalizi mtu. Wewe umekulia humu, unaijua desturi hii kuliko ninavyoweza kukueleza.

Nilimsalimia, akaitikia marahaba, akaniuliza mbona nina uso wa mtu anayetoka mazikoni. Nikamweleza yote. Kompyuta hakuzijua, wala hakujifanya anazijua. Alitaka kujua kitu kimoja tu, kwamba kaseti nyingine iko wapi. Nikamwambia hakuna nyingine.

"Na huyo binti unasema ana akili?" akasema. "Mwenye akili gani anafuga ng'ombe mmoja, kwenye zizi moja, tena jirani na kwaya?"

Mke wake alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi sikucheka. Baba mkubwa aliponiona hivyo akalainika, akaniuliza kama hapa duniani kuna watu wengine wanaojua vitu hivi. Hapo nikajinyoosha, maana swali hilo nililiweza. Nikamwambia wapo, tena wengi, wana jukwaa lao kwenye intaneti, wanazungumza kila siku juu ya kompyuta za zamani na michezo yake, wanazifufua, wanazitunza. Nikamwambia ninawasoma tangu mwaka wa kwanza. Namjua anayetengeneza televisheni za zamani, namjua aliyejenga kompyuta kwenye sanduku la mbao, namjua hata yule ambaye mbwa wake amekufa.

"Na wao wanakujuaje wewe?" akauliza.

"Hawanijui, baba mkubwa."

"Hata siku moja hujawasalimia?"

"Ninasoma tu."

Aliweka kibuyu chini. Mwanangu, mimi nimekaripiwa na walimu, nimekaripiwa na mabosi wenye tai, lakini maneno ya mzee yule ndiyo ninayoyasikia mpaka leo.

"Kwa hiyo unaingia kwa watu kila siku," akasema polepole. "Unakaa, unasikiliza mazungumzo yao, unajifunza kazi yao, mpaka msiba wa mbwa wao unaujua. Kisha unatoka bila hodi, bila shikamoo. Hapa kwetu mtu wa namna hiyo tunamfungulia mbwa."

Nilijitetea. Nilisema kwenye intaneti wengi hufanya hivyo na hakuna anayekasirika. Nilisema wale ni mabingwa na swali langu litaonekana la kitoto. Nikasema na lugha yenyewe ni Kiingereza.

"Kiingereza unachotusumbulia nacho hapa kila likizo," akasema, "kimeisha leo?"

Basi akanipa maelekezo kama mtu anayemtuma kijana kupeleka posa. Nianze kwa salamu. Niseme natoka wapi na ni mtoto wa watu gani. Niseme shida yangu bila kuipamba. Na nisiende mikono mitupu, kwa sababu anayeomba bila kuleta chochote anakuwa mzigo hata akipewa.

Njiani nilikuwa nikijiuliza kijana wa Endagikot atawapelekea nini mabingwa wa Ulaya. Halafu nikakumbuka vibonyezo. Vile vilivyolegea nilikuwa nimevitengeneza kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, niliokata kwa wembe vipande vidogo sana, na risasi nilichomea kwa msumari mnene niliopasha kwenye mkaa. Vilirudi vizuri kuliko vilipotoka kiwandani. Nilikuwa nimesoma jukwaani watu wakilalamika kwamba mipira ya vibonyezo haipatikani tena. Hakuna aliyekuwa amefikiria baiskeli.

Mjini Mbulu kulikuwa na duka moja la intaneti, na laini ya simu ilikuwa ikikatika kila upepo ulipovuma. Nikakaa, nikaandika. Nikajua Kiingereza hakina neno la shikamoo, kwa hiyo nikaliandika vilevile, nikaeleza maana yake na jinsi linavyoitikiwa. Nikawaambia mimi ni mtoto wa wakulima wa Mbulu. Nikaeleza mpira wa baiskeli hatua kwa hatua. Kisha nikaeleza habari ya Hawa, baba yake, duka la Dongobesh, mama yangu na kwaya. Nikabonyeza kutuma, nikatoka nje haraka kana kwamba kompyuta itanipigia kelele.

Niliporudi kesho yake nilikuta majibu yamejaa. Wa kwanza kabisa alikuwa bibi mmoja mstaafu kutoka nchi ya baridi, anayejulikana pale kwa jina ambalo kwa Kiswahili ningeliita Bibi Kanda, kwa sababu kazi yake ni kuokoa kanda zilizoharibika. Ujumbe wake ulianza hivi: "Marahaba, kijana wa Mbulu." Akasema hata yeye mama yake aliwahi kurekodi hotuba ya harusi juu ya kazi yake, kwa hiyo mama yangu asilaumiwe. Akaniambia sauti iliyobaki inaweza kusomwa hata kama mwanzo umefutika, ila niirekodi yote kwenye kompyuta ya duka na kumtumia, nisikate chochote.

Niliirekodi. Sauti ile ilipanda mtandaoni kama lori la ngano linalopanda mlima Magara, inasimama, inarudi nyuma, inaanza tena. Mwenye duka la intaneti alinionea huruma akaacha kunihimiza. Wakati nikisubiri niliona wengine wanazungumza juu ya mpira wa baiskeli. Mmoja alikuwa ameshajaribu na kuweka picha. Mwingine aliniuliza unene wake, nami nikamjibu. Na mwanangu, niseme ukweli, yule kijana aliyekuwa anaogopa kuonekana mjinga ndani ya siku chache alikuwa anawaelekeza watu wazima kazi yao. Furaha hiyo mshahara haujawahi kunipa.

Bibi Kanda alirudisha sauti safi, niirekodi kwenye kaseti mpya. Aliandika kwamba kilichofunikwa na wimbo hakipo tena, hilo lazima aliyetunga mchezo aliandike upya. Akaongeza kwamba wanajukwaa wamesikiliza wimbo wote na wanataka kujua anayeimba sauti ya pili ni nani, maana ana kipaji. Alikuwa mama yangu. Nilipomwambia, hakunisemesha siku nzima kwa aibu, lakini jirani wote walishajua kabla ya jioni.

Nikapanda basi kwenda Katesh na kompyuta nimeipakata kama mtoto mchanga. Hawa alikuwa nyuma ya kaunta anapima sukari. Alikuwa amekonda. Tuliiwasha chumba cha nyuma cha duka, kwenye televisheni ya baba yake, akatazama kilichookolewa na kile kilichopotea. Akapiga paji la uso.

"Kwaya yenu imekula ng'ombe wote," akasema. "Fisi ndio imewaacha wazima."

Ni kweli, sehemu ya mwanzo iliyofutika ndiyo iliyochora ng'ombe na ziwa. Alikaa akaiandika upya kutoka kichwani, akiinuka kila mteja alipoita, anauza sabuni, anarudi, anaendelea palepale alipoachia. Mimi nilikuwa namtazama tu. Nina diploma, mwanangu, na ninajua ninachokijua, lakini kichwa kile kilikuwa cha daraja lingine, na sijawahi kuona haya kusema hivyo.

Mzee Shabani alikuja baada ya swala ya alasiri. Alisimama mlangoni, akatuonya tusije tukaunguza televisheni yake. Hawa akamwomba akae, akamwonyesha vibonyezo vya kwenda kushoto na kulia. Mzee alianza kwa kidole kimoja kama mtu anayegusa sufuria ya moto. Fisi wakamlia ng'ombe wa kwanza. Akavua kofia akaiweka pembeni. Akaanza tena. Wateja waliita mbele dukani, akawaambia wasubiri. Wafugaji wawili waliofuata sukari waliingia kuona kunani, wakaanza kumwelekeza, pita juu huko baba, huko korongoni wanajificha. Alipowafikisha ng'ombe waliobaki kwenye chumvi, alimgeukia binti yake.

"Huyu fisi umemtoa wapi?"

"Nimemtunga mwenyewe, baba."

"Ukitaka awe mjanja zaidi?"

"Ninamtunga upya, anakuwa mjanja."

"Na mtu mwingine hapa Katesh anaweza hivyo?"

Hawa aliinamisha macho. Nikamjibia mimi, nikasema Katesh hakuna, Mbulu hakuna, na Arusha ninawajua wachache. Mzee Shabani alivaa kofia yake.

"Dongobesh atakwenda mdogo wangu," akasema. "Wewe rudi ukamalize."

Alimaliza. Leo anafundisha chuoni, na wanafunzi wake wapo kila mkoa. Mchezo wake tuliuweka jukwaani wiki ileile, watu wa nchi nyingi wakauchukua na kuutunza majumbani mwao, na wengine wameutafsiri kwa lugha zao, ila Balangida wameiacha Balangida. Kaseti yenyewe iliraruliwa na redio miaka michache baadaye. Hawa alinipigia simu kuniambia huku anacheka. Hapakuwa na cha kulilia, kwa sababu mchezo ulikuwa kwenye mazizi mengi.

Sasa wewe, mwanangu. Una simu mfukoni ambayo sisi tungeisujudia. Jukwaa lile bado lipo, nami ni mmoja wa wazee wake. Usicheke, nimepewa kazi ya kupokea wageni, na Bibi Kanda mwenyewe ndiye aliyenipendekeza. Nawajua vijana wa Mbulu na Hanang mnaokuja kwenye chumba changu mkanisimulia habari za jukwaani, nyingine nimeziandika mimi mwenyewe. Mnasoma kila kitu. Lakini nikitafuta jina lenu pale silioni.

Nakuomba ujiandikishe, uwasalimie watu, useme unatoka wapi. Usidhani Getanuwas au Endagikot ni mahali padogo pa kutaja. Mimi nilipotaja kwetu watu walifungua ramani. Uliza swali lako hata likiwa la kitoto, maana wale mabingwa wote wana aibu zao za zamani na wanapenda kuzisimulia. Utakutana na mtu mkali pia. Mimi kuna mmoja alinigombeza kwa kuandika mahali pasipohusika, nikaomba radhi, nikahamisha, leo ni rafiki yangu. Siri zako na hela zako usimpe mtu usiyemjua, hilo ni la jukwaa lolote. Ukisaidiwa, rudi useme kama ilifanikiwa, usipotee kama mgonjwa aliyepona.

Tena peleka kitu. Stoo za shule zetu na za misheni bado zina mashine ambazo watu wa mbali wanazitafuta kwa udi na uvumba, na hapa kuku wanazitagia. Waombe wenyewe ruhusa, pangusa mojawapo, ipige picha, andika ulichokiona. Umeokoa redio ya bibi yako kwa waya wa breki? Andika. Umetunga mchezo, hata kama una fisi mmoja tu? Uweke pale leo, usingoje uwe mzuri, na nakala yake wape watu wengi. Usiseme hujasoma. Mimi nilisoma, nashukuru, lakini waliochukua mpira wangu wa baiskeli hawakuniuliza cheti.

Haya, nimemaliza. Mungu wa mababu zetu, anayeleta mvua Mbulu na kuipitisha Hanang, akulinde. Akupe macho yasiyochoka na umeme usiokatika. Mama yako aepushwe na aibu na baba yako apate cha kujivunia. Akupe swali zuri, na watu wema wa kulijibu, na ukikua akufanye wewe kuwa mtu wa kujibu.